Barua kwa mwanangu: kwa nini 0 = 0 haikukupa pointi

Bukavu

Mwanangu mpenzi,

Salamu toka huku Ibanda. Baba yako na wadogo zako ni wazima, mvua tu ndiyo imetuchosha. Nimeiona picha ya interogasio yako, lile jaribio la darasani. Unaniuliza: "Mama, nimefika hadi 0 = 0 na hesabu zote ni sahihi, kwa nini profesa kanipa sufuri?"

Uliambiwa uhakikishe kwamba

(1 − cos x)/sin x = sin x/(1 + cos x).

Wewe ukaandika usawa huohuo mstari wa kwanza, ukazidisha kwa msalaba, ukapata (1 − cos x)(1 + cos x) = sin² x, halafu 1 − cos² x = sin² x, halafu 0 = 0, ukapiga mstari chini mara mbili kwa furaha. Shida ni ule mstari wa kwanza. Usawa ule ndio ulioshitakiwa, nawe umeusimamisha kuwa shahidi wa kesi yake.

Ona unavyoweza kukudanganya. Chukua cos x = √(1 − sin² x), ambayo wanafunzi wangu wa darasa la sita sekondari huiandika bila woga wowote. Pandisha pande zote kwenye kipeo cha pili: cos² x = 1 − sin² x. Hiyo ni kweli tupu, ni Pythagoras mwenyewe kwenye duara lenye nusu kipenyo 1. Sasa weka x = 180°. Kushoto ni −1, kulia ni 1! Usawa ni wa uongo, lakini njia yako ingeufikisha kwenye 0 = 0 bila kikwazo, maana kipeo cha pili humeza alama ya kutoa na hairudi tena.

Kwa hiyo shika upande mmoja, mwingine usiuguse. Mimi ningeanza kushoto. Juu kuna 1 − cos x, na jicho lililozoea linaona mara moja mwenzake anayekosekana, 1 + cos x. Zidisha juu na chini kwa huyo. Juu inakuwa 1 − cos² x, yaani sin² x. Chini ni sin x(1 + cos x). Futa sin x moja juu na moja chini, inabaki sin x/(1 + cos x). Umefika.

Hapo pa kufuta wengi hupita mbio. Kufuta sin x ni kugawanya kwa sin x, basi isiwe sufuri. Jaribu x = 0°: kulia unapata 0/2, yaani 0, lakini kushoto ni 0/0, kitu kisicho na maana. Kwa hiyo andika sin x ≠ 0 kabla ya kuanza. Sharti hilo linatosha kwa pande zote mbili, kwa sababu cos x ikiwa −1, sin x nayo huwa 0.

Sasa nikutetee kidogo. Kuzidisha kwa msalaba si sawa na kupandisha kipeo: kama chini si sufuri, unaweza kurudi ulikotoka. Ungeandika sharti, kisha ukapanga mistari yako toka chini kwenda juu, ukianza na 1 − cos² x = sin² x, hoja ingesimama. Mimi ningekupa nusu. Sufuri ni ukali, ila usiende kubishana na profesa kabla ya sesioni ya mitihani.

Mashini ya hesabu itumie kukamata uongo tu. Kwa x = 60° pande zote mbili za swali lako zinatoa 0,577, na hilo halithibitishi kitu. Lakini mtu akikuletea sin 2x = 2 sin x, weka 90°: kushoto 0, kulia 2, mmemalizana. Angalia tu mashini iwe kwenye digrii. Na tan iliyoandikwa kwenye mashini ni tg yetu ileile, yaani tangenti.

Zoezi: tg² x − sin² x = tg² x · sin² x. Anza kushoto, geuza tg kuwa sin juu ya cos, kisha toa sin² x nje ya mabano. Usisahau sharti. Nitumie picha jioni, nitaiangalia umeme ukirudi.

Mama yako