Kujichoma sindano ya kuzuia damu kuganda ukiwa nyumbani na mguu uliovunjika

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 46 na ninaishi Morogoro. Niligongwa na bodaboda nikavunjika mguu wa kulia chini ya goti, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Nimeruhusiwa kurudi nyumbani na magongo, vidonge vya maumivu, na sindano za Clexane za miligramu 40 ambazo natakiwa kujichoma tumboni mara moja kwa siku kwa wiki nne. Muuguzi alinionyesha mara moja tu, tena kwa haraka. Mkono unatetemeka, ndani ya bomba naona kiputo cha hewa na naogopa kitaniua, na tumbo limeanza kuwa na alama za bluu. Mama mkwe anasema mguu ukandwe kwa maji ya moto. Mguu wenyewe hauumi sana siku hizi na sindano ni ghali: je, naweza kuziacha, au nitumie aspirini badala yake? Nimeambiwa pia kwamba dawa hii inatokana na nguruwe, nami ni Mwislamu.

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa ajali. Nianze na lile la kuacha, kwa sababu ndilo lenye hatari kubwa kuliko mengine yote uliyouliza. Sindano hiyo haitulizi maumivu wala haiungi mfupa, kwa hiyo kupungua kwa maumivu hakukuambii lolote kuhusu kama bado unaihitaji. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kuzuia damu isigande ndani ya mishipa mikubwa ya mguu. Mtu aliyevunjika mguu na kupasuliwa ana mambo matatu yanayochochea damu kuganda kwa wakati mmoja: mishipa imejeruhiwa, mwili umeamsha uwezo wake wa kugandisha damu ili kuziba majeraha, na misuli ya shavu la mguu, ambayo kwa kawaida husukuma damu kurudi juu kila unapopiga hatua, imelala. Bonge likifanyika mguuni linaweza kukatika, likasafiri hadi kwenye mapafu na kuua ghafla, wakati mwingine bila mguu kuonyesha dalili yoyote kabla. Kwa hiyo usiache kabla ya siku uliyopangiwa isipokuwa daktari aliyekupasua akuambie hivyo.

Sasa tuje kwenye kujichoma kwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni, keti ukiwa umeegemea au lala chali kiasi cha kuliona tumbo lako vizuri, kisha chagua mahali upande wa kulia au wa kushoto wa tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, ambazo ni kama upana wa vidole vitatu. Kama leo umechoma kulia, kesho choma kushoto, na epuka kovu au sehemu yenye alama ya bluu. Ukisafisha kwa spiriti, subiri ikauke, kwa sababu spiriti mbichi ndiyo inayowasha sindano inapoingia. Vuta kifuniko cha sindano moja kwa moja bila kukizungusha. Kwa vidole vya mkono mmoja, bana mkunjo wa ngozi pamoja na mafuta yake, na kwa mkono mwingine ingiza sindano yote, ikiwa imesimama wima juu ya mkunjo huo. Sindano ni fupi na nyembamba, na dawa inatakiwa kuishia kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, siyo kwenye msuli. Usivute pistoni nyuma kutafuta damu. Sukuma polepole mpaka mwisho, ukiwa bado umeushikilia mkunjo, kisha chomoa kwa kufuata njia ile ile uliyoingilia. Ukiachia mkunjo katikati ya kazi, sindano huweza kuzama kwenye msuli, na hapo ndipo damu huvilia zaidi.

Kiputo cha hewa unachokiona kimo humo tangu kiwandani, na hutakiwi kukitoa. Hewa inayoogopwa ni ile inayoingia kwa wingi ndani ya mshipa wa damu. Kiputo kidogo kama hicho kikiishia kwenye mafuta ya tumbo hakina madhara. Zaidi ya hapo, ukijaribu kukitoa unaweza kumwaga matone ya dawa na kupunguza dozi yako. Wanaotakiwa kutoa kitu kwenye bomba kabla ya kuchoma ni wale walioandikiwa dozi ndogo kuliko iliyo ndani, na wewe si mmoja wao.

Kuhusu alama za bluu, zinatarajiwa kwa dawa inayozuia damu kuganda, na nyingi hufifia zenyewe. Sababu ninayoiona mara nyingi kwa wagonjwa wenye alama kubwa ni kusugua: mtu akimaliza kuchoma anapasugua mahali pale kama alivyozoea kufanya kwa sindano ya paja. Hii usiisugue kabisa. Kama kuna tone la damu, gandamiza taratibu kwa pamba safi mpaka likome. Alama inayozidi kupanuka, inayokuwa ngumu na kuuma sana, hiyo ionyeshe hospitali.

Mkono kutetemeka si aibu, na huhitaji kuumaliza woga huo peke yako. Nenda zahanati iliyo karibu na sindano yako, mwombe muuguzi akae pembeni wakati wewe mwenyewe unachoma, na umwambie akurekebishe. Ukiweza, nenda na mke wako naye ajifunze, ili siku ukishindwa awepo mwingine anayeijua kazi. Chagua saa moja isiyobadilika. Wengi hufanikiwa kwa kuifunga na jambo ambalo nyumba nzima hulifuata, kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Ukisahau, choma mara unapokumbuka ndani ya siku hiyo hiyo. Ukikumbuka siku inayofuata, endelea na dozi ya siku hiyo tu. Kamwe usichome mbili pamoja kufidia.

Mama mkwe anakutakia mema, na kumkatalia mkwe si jambo jepesi, lakini hili mwambie ni katazo la daktari. Mguu usikandwe wala usichuliwe. Kama ndani kuna bonge la damu ambalo bado halijajulikana, kuuchua ni kulisukuma lielekee kwenye mapafu. Na maji ya moto juu ya kidonda cha upasuaji hulegeza mshono na kufungua njia ya vijidudu, huku ngozi iliyokufa ganzi ikiungua bila wewe kuhisi. Kama anataka kukuhudumia, akupangie mito ili unapolala mguu uwe juu kuliko kifua, na akukumbushe kila saa unapokuwa macho kukunja na kukunjua kifundo cha mguu mara kumi na kuchezesha vidole. Zoezi hilo linaisukuma damu kwa misuli yako mwenyewe, bila nguvu ya mtu kutoka nje. Kuhusu kiasi gani cha uzito uukanyagie mguu huo, fuata ulichoambiwa na daktari wako, kwani hutegemea jinsi mfupa ulivyovunjika. Unapotumia magongo, uzito ubebwe na viganja, siyo makwapa.

Swali la aspirini ni la haki, na gharama ni sababu ya kweli. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Marekani na Kanada kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 waliovunjika mifupa, wengi wao wakiwa wamefanyiwa upasuaji, ulilinganisha aspirini ya miligramu 81 mara mbili kwa siku na enoksaparini, ambayo ndiyo dawa iliyomo kwenye Clexane. Katika kuzuia vifo, aspirini haikuwa nyuma. Mabonge kwenye mishipa ya ndani ya miguu yalikuwa mengi kidogo kwa waliotumia aspirini, takriban asilimia 2.5 dhidi ya 1.7. Kwa maoni yangu matokeo hayo yanatosha kumfanya mgonjwa asiyemudu sindano azungumze na daktari wake kwa uwazi, badala ya kukaa kimya na kuacha dawa. Hayatoshi kumfanya abadilishe mwenyewe. Mtu mwenye vidonda vya tumbo au aliyewahi kupata bonge la damu ana hesabu tofauti, na daktari anayejua historia yako ndiye wa kuipiga. Kitu usichofanya kabisa ni kuchanganya aspirini na sindano bila kuagizwa. Hali ni hiyo hiyo kwa diklofenaki na ibuprofeni, ambazo ni rahisi kuzipata kwenye duka la dawa: zikikutana na enoksaparini huongeza hatari ya kutoka damu, hasa tumboni. Soma vizuri jina la vidonge vya maumivu ulivyo navyo, na kama ni mojawapo ya hizo, mpigie simu daktari wako au umuulize mfamasia kabla ya kumeza kingine. Parasetamoli haina tatizo hilo, mradi usizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500.

Uliyoambiwa kuhusu nguruwe ni kweli: enoksaparini hutengenezwa kutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Ni haki yako kulijua hilo, na ungepaswa kuambiwa kabla ya kuandikiwa. Wanazuoni wengi wa fiqhi huruhusu dawa ya namna hii pale penye dharura, lakini fatwa si kazi yangu. Muulize sheikh unayemwamini. Kwa upande wa tiba, zipo dawa zisizotokana na mnyama, kama fondaparinuksi, ambayo nayo ni sindano, na vidonge vya rivaroksabani, na daktari anaweza kuzifikiria kulingana na figo zako na uwezo wako. Ninachokuomba ni kwamba usiache hii uliyo nayo kabla nyingine haijawa mkononi.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona shavu la mguu wowote limevimba, lina joto na linauma. Ukipata pumzi fupi ya ghafla, maumivu ya kifua au kukohoa damu. Ukipata choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au damu ya pua isiyokoma baada ya dakika 15 za kubana. Au ukianguka na kugonga kichwa, hata kama unajisikia vizuri. Maumivu ya mguu yanayozidi saa hadi saa bila kutulizwa na dawa, vidole vikifa ganzi au vikiuma sana vinapokunjuliwa, ni dharura ya saa chache: huenda msukumo ndani ya misuli unaikata damu isiifikie.

Sindano zihifadhiwe mahali pasipozidi nyuzi joto 25, na zisigandishwe. Kwa joto la Morogoro, juu ya kabati karibu na bati si mahali pake. Ziweke chini, katika chumba chenye ubaridi kuliko vyote, na kama famasi yenye kiyoyozi inakubali, chukua za wiki moja moja. Iliyotumika usiirudishie kifuniko. Idumbukize kwenye galoni ngumu la plastiki lenye mfuniko, mbali na watoto, kisha ulipeleke kituo cha afya wakateketeze, kwa sababu likitupwa jalalani huwachoma watoto na waokota chupa. Siku ya kliniki uliza kama umepimwa figo na chembe sahani za damu, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, kwani figo dhaifu huhitaji dozi ndogo na dawa hii mara chache hushusha chembe hizo, na omba tarehe ya sindano ya mwisho iandikwe kwenye kadi yako.