Je, samaki wala majani watalisafisha bwawa letu?

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Bamburi tuna bwawa katika machimbo ya mawe ya zamani, ambalo kila baada ya masika hugeuka kijani na kunuka. Jamaa mmoja ametushauri tutie samaki wala majani. Je, tumfuate? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Ndugu msomaji, huyo jamaa amechanganya samaki wawili. Kapu mla nyasi hutafuna magugu makubwa ya majini, na akishayamaliza, virutubisho vilivyokuwa vikifyonzwa na magugu hayo huuachia mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoelea majini na kuyapa rangi, bwawa likazidi kuwa kijani. Anayekula mwani wenyewe ni kapu wa fedha, mwenye kuchuja maji kwa matamvua yake. Katika Ziwa Donghu mjini Wuhan, Uchina, utando wa mwani uliokuwa ukitanda kila kiangazi ulitoweka mwaka 1985, na watafiti waliuhusisha utoweko huo na wingi wa kapu wa fedha na jamaa yake mwenye kichwa kikubwa, ingawa maji yenyewe yalibaki na virutubisho tele. Hata hivyo, sikushauri umlete huku: Marekani ilimwingiza miaka ya 1970, akaponyoka hadi mto Mississippi, na leo wanahangaika kumdhibiti.

Tilapia wa Mto Nile anatosha kujaribiwa. Asidi ya tumbo lake ni kali kiasi cha kumeng'enya hata mwani wa kibluu (kwa hakika ni bakteria wa rangi ya kijani-buluu), ambao samaki wengi huutoa ukiwa bado hai. Lakini kinyesi chake hurudisha fosforasi na naitrojeni majini, kwa hiyo kutia samaki huku maji ya vyoo na samadi yakiendelea kuingia bwawani kila mvua inyeshapo ni kuwalisha mwani na samaki kwa mkono mmoja. Anzeni kwa kuchimba mfereji wa kuyakinga maji hayo. Ndiyo kazi yenyewe, hata kama haina mvuto wa vifaranga wa samaki.

Kabla ya yote, tekeni maji katika chupa ya kioo, mkivaa glavu, kisha muiache usiku kucha bila kuitikisa. Mkikuta asubuhi utando wa kijani umeelea juu na maji ya chini yametakata, yaelekea ni mwani wa kibluu, ambao baadhi yake huwa na sumu ya ini. Hapo watoto wasiogelee, mbuzi wasinyweshwe, na samaki wa bwawa hilo wasiliwe, hasa maini na matumbo, hadi maji yapimwe.