UPT Ikitoa Mstari Mmoja, Kazi Ndiyo Kwanza Imeanza

Wiki iliyopita nimefungua faili la mama mmoja nikakuta mwandiko wa kijana wetu wa fildi: "Hajaona siku zake miezi minne. UPT neg. Ameshauriwa apunguze mawazo." Basi. Mstari na nusu, sahihi, tarehe. Nikacheka, halafu kicheko kikakatika, maana mwandiko ulikuwa wake lakini maneno yalikuwa yangu. Niliwahi kuyaandika hayohayo, hapahapa Mtwara, nusura yamzike mtu.

Nyie wa fildi mlioripoti juzi, vuteni viti: leo ni mwanamke asiyeona siku zake, na UPT, kipimo cha mimba cha mkojo, kimetoa mstari mmoja, yaani hakioni mimba. Na wa simu, weka simu.

1. Kabla ya kichupa cha mkojo, toa watu chumbani. Mwanamke aliyesindikizwa na wifi yake hana siri atakayokupa, na wewe hata ungekuwa na shahada tatu hutaipata. Nilishaambiwa "mume yuko Dar tangu mnada wa kwanza wa korosho" huku wifi akitikisa kichwa kukubali. Wifi alipotoka kununua maji, hadithi ikawa nyingine kabisa. Mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, kwa hiyo mwenye siku 34 hajachelewa, ana haraka tu. Na kama amechelewa siku chache na mstari ni mmoja, rudia baada ya wiki kwa mkojo wa asubuhi.

2. Usiulize "unatumia dawa yoyote?" Atasema hapana, na hadanganyi. Kwake dawa ni ya kumeza, tena ya ugonjwa. Sindano ya miezi mitatu ni "uzazi wa mpango", vijiti ni "vile vya mkononi". Mwaka jana nilihangaika na dada mmoja robo saa nzima, akanyoosha mkono kuchukua karatasi yake, nikaviona vijiti vimelala chini ya ngozi kama njiti za kiberiti. Vitaje kimoja kimoja: sindano, vijiti, kitanzi, vidonge, P2 (vile vya dharura vya kuzuia mimba). Wanaochoma sindano kwa mwaka mzima, karibu nusu yao hawaoni damu kabisa, na mmwambie wazi kwamba damu hiyo haijajaa tumboni wala haijapanda kichwani: haikutengenezwa. Akiacha, uzazi unaweza kuchukua miezi kumi hivi tangu sindano ya mwisho. Asije akapelekwa kwa mganga mwezi wa pili.

3. P2 huwahisha au huchelewesha siku, mara nyingi ndani ya wiki moja. Ikizidi hapo, pima.

4. Anayenyonyesha mnamjua: mtoto chini ya miezi sita, ziwa peke yake usiku na mchana, siku hazijarudi, mnamwacha kwa amani. Mimi nilishindwa kumuuliza asiyenyonyesha.

Alikuja mwezi wa kumi na mbili. Korosho zimeuzwa, mji una hela, na joto letu la kusubiri mvua mnalijua, hata paka anatafuta pa kulala kwenye saruji. Yeye kavaa sweta. Sweta la sufu, na kitenge juu yake. Nikamtania: "Dada, umetoka Makete?" Benchi lote la mlangoni likacheka. Akatabasamu kidogo, akasema baridi inamtoka mifupani. Nikampima malaria, hana. Nikaendelea na lililomleta.

Alisema hajaona siku zake "tangu nijifungue". Nikaandika: miezi 15. Tarakimu nikaichukua, kujifungua nikakuacha hewani. UPT mstari mmoja. Nikampa Primolut, vidonge vya homoni vya kuleta hedhi, ya siku kumi, nikamwambia akimaliza damu itatoka ndani ya siku chache. Haikutoka. Akarudi, nikampa tena, kana kwamba dawa ilipotea njia mara ya kwanza. Haikutoka. Safari ya tatu nikaamua kuwa tabibu mwenye busara, nikaweka kalamu chini, nikauliza habari za nyumbani. Mume kaoa mke wa pili. Aa! Nikashusha pumzi, jibu nimelipata. Mawazo. Nikaliandika, nikampa nasaha nzuri sana, nami mwenyewe nikaguswa nazo.

Safari zote tatu kadi yake ya kliniki ya wajawazito, namba 4, ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kaipakata. Sikuiomba.

Mwezi wa tano akaletwa kwa bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili. Alikuwa kaharisha siku moja tu. Presha 70 kwa 40, sukari 2.1, macho yako wazi lakini mwenyewe hayupo. Tukampa maji ya sukari mshipani, akarudi. Baada ya saa mbili sukari ikashuka tena. Daktari wa zamu alimsogelea mama yake mzazi, akamuuliza maswali mawili.

"Mara ya mwisho alijifunguaje?" Alijifungulia njiani, akamwaga damu mpaka akazimia, hospitali wakamwongeza chupa tatu.

"Mtoto alinyonya?" Maziwa hayakutoka hata tone. Mtoto walimkuza kwa maziwa ya kopo na uji, na mtaani ikasemwa mke mwenza kamroga.

Daktari akanigeukia: "Sheehan." Jamani, nilikuwa nalijua! Lilitoka kwenye mtihani na swali nililipata. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na inayoamrisha homoni nyingine, hukua wakati wa ujauzito na kuhitaji damu nyingi. Mama akipata PPH kubwa, yaani kumwaga damu baada ya kujifungua, tezi hukosa damu, sehemu yake ikafa. Harold Sheehan aliieleza mwaka 1937 kule Glasgow, na orodha yake ilikuwa imekaa mbele yangu ikitetemeka ndani ya sweta: maziwa hayakuja, hedhi haikurudi, nywele za kwapani zimepukutika, baridi, uchovu, na mwili usio na kotisoli, homoni ya kuhimili shida, ya kupambana hata na kuharisha. Tukachoma haidrokotisoni, yaani kotisoli ya sindano, dripu ikaendelea, presha ikaanza kupanda. Baadaye akaanzishwa prednisoloni ya kushika nafasi ya kotisoli, kisha thairoksini, homoni ya tezi ya shingo, kwa mpangilio huohuo. Thairoksini ikitangulia peke yake inaweza kumwangusha upya. Ile Primolut yangu isingeweza kutoa kitu. Bila homoni ya estrojeni ukuta wa mfuko wa uzazi haujengwi, na mimi mara mbili nilitaka kubomoa nyumba isiyojengwa.

Alipopata nguvu nilikwenda kitandani kumwomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno. Akanitazama, akasema, "Wewe ndiye wa Makete."

Kwa hiyo mkiniona nasimama mlangoni nauliza "alinyonyesha?" hata kwa mgonjwa wa jino, nivumilieni.

5. Tazama shingo. Uvimbe wa tezi ya thairoidi hauhitaji mashine kuuona, na tezi ikienda kasi au ikilegea, siku nazo huyumba. Minya chuchu kwa ruhusa yake: maziwa kwa asiyenyonyesha yanakupeleka kwenye prolaktini, homoni ya maziwa, na kabla ya kuwaza uvimbe kichwani soma dawa zake, hasa haloperidoli na risperidoni za akili, na metoklopramidi ya kutapika. Mgonjwa wa akili naye ana hedhi. Wengi mnasahau.

6. Ndevu kidevuni, chunusi, siku zinazokuja mara nne kwa mwaka: fikiria PCOS, ovari na homoni zake kuvurugika, kabla hujakubaliana na bibi yake kwamba ni mchango. Aliyesafishwa baada ya mimba kuharibika, na tangu hapo damu imekata: makovu ndani ya mfuko, rufaa. Miaka 47 na joto la ghafla usiku, mweleze kwa upole kuwa umri unafika; miaka 36, hapana, huo si umri, mchunguze. Na binti wa miaka 15 ambaye somo wake keshamfunda, unyago umekwisha, lakini hajavunja ungo na tumbo linamuuma kila mwezi: mlaze, mwangalie mbele ya mama yake, huenda njia imeziba na damu inajikusanya. Msianze kumgombeza habari za wavulana.

7. Mawazo. Yapo, sikatai. Msiba, njaa ya kabla ya mavuno, kupungua kilo nyingi, kuchota maji mbali huku mtu anakula mlo mmoja, yote yanaweza kusimamisha hedhi, maana ubongo huona si wakati wa kubeba mimba. Lakini mpime uzito na mwandike namba. "Mawazo" bila uzito, bila presha, bila historia ya uzazi, nitalikata kwa wino mwekundu, na miezi mitatu bila damu kwa aliyekuwa anaona kila mwezi hairudishwi nyumbani kwa nasaha tupu.

Yule kijana wa fildi nilimwita, nikamsimulia habari ya sweta. Hakusema neno. Jana alipata mwenye tatizo lilelile, akakaa naye dakika arobaini, akaandika ukurasa mzima mbele na nyuma: uzazi wa kwanza mpaka wa nne, chupa za damu, nani alinyonya na nani hakunyonya. Foleni ilifika mwembeni, watu wanapiga miluzi. Nikaenda kuwatuliza mwenyewe.