Jibu: Kizunguzungu cha mama, CT scan au MRI?

Pole kwa kuuguza, dada. Umesema mama anaona chumba kinazunguka kila akigeuka kitandani, inaisha kabla ya dakika moja, na mmeambiwa mlipie CT scan (picha ya ndani ya mwili kwa eksirei). Kwa dalili hizo, mimi ningetunza hela kwanza. Mpelekeni kwa daktari wa masikio amfanyie kipimo cha Dix-Hallpike: anamlaza haraka, kichwa kimegeuzwa upande, huku akitazama macho yanavyochezacheza. Mara nyingi chanzo ni vichembe vya chokaa vilivyohama ndani ya sikio. Havionekani kwenye CT wala MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), ila hurudishwa mahali pake palepale kliniki kwa kugeuza kichwa hatua kwa hatua. Kama shingo inamsumbua, mseme mapema.

CT inafaa kuangalia mfupa, kwa mfano mtu anayeyumba akisikia sauti kubwa, kwani mfupa unaofunika mfereji wa juu wa sikio la ndani unaweza kuwa na tundu. MRI huonyesha majimaji na neva. Sikio moja likianza kupoteza usikivu, hiyo ndiyo ya kuomba, maana uvimbe wa neva wa milimita chache CT huukosa kirahisi.

Lakini akianza kuona viwiliviwili, ulimi ukiwa mzito au akishindwa kutembea, kimbieni hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni kiharusi cha nyuma ya ubongo, na CT ya mapema inaweza kutoka safi kabisa. Msikubali kurudishwa nyumbani kwa picha hiyo peke yake.