Bomba la kisima kutoboka: usikimbilie kulaumu chuma

Ndugu, umesema bomba la chuma kisimani kwako limetoboka ndani ya miaka mitatu, maji yananuka yai viza, na ukikwangua kutu unakuta tope jeusi. Fundi kakwambia chuma ni feki. Huenda, lakini dalili hizo mimi zinanielekeza kwa bakteria.

Wapo wasiohitaji oksijeni kabisa, kama Desulfovibrio. Hutumia salfeti, aina ya chumvi iliyomo majini, na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ndiyo harufu hiyo ya yai viza. Ikikutana na chuma hutokea salfaidi ya chuma, lile tope lako jeusi. Na chuma hakiliwi sawasawa. Huchimbwa vishimo, kwa hiyo bomba unaliona zima kumbe limeshatoboka. Watafiti Waholanzi von Wolzogen Kühr na van der Vlugt walilieleza jambo hili mwaka 1934.

Kumwaga klorini tu hakutoshi, maana bakteria hao hujifunika ute unaowakinga. Sugua kwanza kwa brashi, pampu uchafu utoke, ndipo utie klorini, uiache usiku kucha, kisha pampu mpaka harufu yake iishe. Kama ni kisima cha kuchimba kwa mkono, usishuke ndani: gesi ya haidrojeni salfaidi inaua.

Bomba jipya nunua la plastiki. Mimi chuma kisimani nilishaacha.