Wanakusikia kwa kukatika-katika? Chunguza upande wa kupakia

Ndugu, umesema kwenye simu zako za intaneti wewe unawasikia wateja vizuri ila wao wanakusikia kwa kukatika-katika, hasa mchana, na kipimo cha kasi kinaonyesha Mbps 40. Hiyo 40 isikudanganye. Simu moja ya kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711 haili hata kbps 100 kila upande. Mimi nashuku foleni ya data, siyo kasi.

Kwa kuwa wao ndio wasiokusikia, angalia pakiti, yaani vipande vya data, zinazotoka kwako kwenda mtandaoni (huko ndiko kupakia). Chomeka kompyuta kwa kebo, Wi-Fi iache kwanza. Endesha ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi) mbili kwa pamoja, moja kwenda kwenye ruta yako, nyingine kwenye seva ya simu. Halafu mwambie mtu apakie faili kubwa. Ukiona ya seva inaruka kutoka milisekunde 30 hadi 400 huku ya ruta imetulia, umemkamata mwizi: pakiti za sauti, kwa kawaida 50 kila sekunde, zinasubiri nyuma ya lile faili.

Dawa yake ni kuwasha QoS (mpangilio wa kutanguliza data ya sauti) kwenye ruta na kuweka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Usiporuka hatua ya kikomo, nafuu utaiona. Ukiiruka, foleni inahamia kwenye modemu na QoS yako inabaki pambo.

Ping ya ruta ikiyumba kwenye Wi-Fi tu, hayo ni mawimbi ya Wi-Fi, jaribu masafa ya GHz 5. Na ukisikia mwangwi wa sauti yako mwenyewe, mara nyingi ni spika ya unayeongea naye. Ruta haihusiki hapo.