Nikiacha bia nihamie pombe kali, kilo zitashuka?

SWALI: Habari daktari. Mi nimepunguza wanga na sukari, natembea karibu kila siku, ila Ijumaa na Jumamosi napiga bia zangu tano tano. Kilo zimegoma kushuka. Rafiki yangu anasema nihamie pombe kali maana haina sukari, mwingine anasema siku ya kunywa nisile kabisa. Na mbona Jumapili asubuhi nikipima naona nimepungua?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na hongera kwa kutembea, hapo usilegeze. Kweli pombe kali haina sukari, ila pombe yenyewe ni kalori, gramu 1 ina kalori kama 7, wakati sukari ina 4 na mafuta 9. Kwa hiyo kukimbia sukari tu hakukusaidii sana.

Tupige hesabu yako. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina gramu kama 20 za pombe, hizo ni kalori 140, ukiweka na wanga uliomo inafika 200 hivi. Bia tano ni 1000, siku mbili ni 2000. Sasa tuseme kwa kujinyima unapunguza kalori 300 kila siku, wiki nzima ni 2100, yaani unajinyima wiki nzima afu wikendi inakula karibu yote.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui. Mwili hauna pa kutunza pombe, ni sumu kwake, kwa hiyo ikiingia tu ini linaanza nayo, linaivunja mpaka inakuwa asetati, mwili unachoma hiyo asetati kwanza na mafuta yanasubiri. Pombe inayogeuka kuwa mafuta ni kidogo sana, kinachojaza kitambi zaidi ni kile ulichokula siku hiyo, maana hakikuchomwa, na ukishalewa vile vya kukaanga vyenye chumvi unavila bila hata kuhesabu. Usingizi nao unaharibika, kesho yake njaa inakusumbua na kutembea hutaki.

Toti ya mililita 30 ya pombe kali ya asilimia 40 ina kalori kama 65, inaonekana ndogo, ila ukiichanganya na soda ya kawaida ya mililita 300 umeongeza zaidi ya 120 hapo hapo. Kinachokuangusha ni wingi, sio aina.

Kunywa bila kula, hapana kabisa! Ini likiwa na kazi ya pombe linashindwa kutengeneza sukari ya kutosha, sukari ya damu inaweza kushuka vibaya, na kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari hiyo ni dharura.

Ule upungufu wa Jumapili ni maji tu. Pombe inazuia homoni inayofanya figo zitunze maji, ndo maana unakojoa sana. Pima Alhamisi asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya kula, ndo ulinganishe wiki na wiki.

Mi ningekushauri uanze na usiku mmoja tu, bia mbili, ule kwanza chakula chenye protini, na kati ya bia na bia glasi ya maji. Ila kama kuna siku unakunywa ambazo hujazitaja, na ukikosa unatetemeka au kutoka jasho, usikate ghafla peke yako maana unaweza kupata degedege, nenda hospitali wakusaidie kupunguza taratibu.